Kumrudishia Mtu Maneno Yake

Baba yangu aliwaandikia watu barua kwa miaka mingi kule Cyangugu, chini karibu na ziwa, meza yake ikiwa kwenye baraza ya nyumba iliyotazamana na ofisi za serikali. Alikuwa na taipu nyeusi iliyokosa herufi moja. Herufi hiyo aliijaza kwa kalamu, barua baada ya barua, bila kulalamika. Uvumilivu wake sikuurithi. Nilichorithi ni kazi yenyewe, pamoja na desturi moja ambayo nilipokuwa kijana niliiona ya kupoteza wakati.

Desturi ilikuwa hii. Barua ikimalizika, baba hakumpa mwenyewe kalamu ya kusaini. Aliichomoa karatasi kwenye taipu, akaisoma kwa sauti, polepole, kwa lugha anayoongea yule mtu nyumbani kwake. Kama barua ilikuwa ya Kifaransa aliigeuza papo hapo. Kisha akauliza, "Njo weye?" Yaani, huyu anayesema humu, ndiye wewe? Mtu akijibu, "Njo miye," ndipo alipopewa kalamu, au wino wa kidole gumba. Akisitasita hata kidogo, karatasi ilichanwa, kazi ikaanza upya. Niliwahi kuona barua ya mzee mmoja ikichanwa mara nne, mzee akiomba radhi kwa usumbufu, na baba akimjibu kwamba anayestahili kuomba radhi ni karatasi. Kazi hiyo aliiita kumrudishia mtu maneno yake.

Mimi duka langu liko juu, Kamembe, si mbali na kituo cha mabasi. Nina kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na printa yenye hasira kunizidi mimi. Meza ni mbili. Ya pili ni ya mwenzangu, mama aliyezaliwa na kukulia Congo, akafundisha shule kule, akaja akafundisha hapa mpaka akastaafu. Yeye ni Mkristo wa kwaya, Kifaransa chake kimepigwa pasi. Mimi ni Mwislamu wa hapa hapa, ukoo wa mafundi cherehani na wachuuzi. Tunagombania dirisha kila siku ya Mungu, yeye akitaka hewa na mimi nikikataa vumbi, na saa sita mchana tunakula sahani moja.

Ni yeye aliyeleta dukani ile mashine ya kuongea nayo, ile ambayo redioni wanaiita akili mnemba. Iko kwenye simu yake, na baadaye akaniwekea kwenye kompyuta. Mwanzoni niliitazama kama ninavyomtazama mgeni anayesifia chakula kabla hakijapakuliwa. Yeye aliipa jina la stajiere, kama wanavyoitwa wale wanaojifunza kazi ofisini. Anajua mengi, alisema, anaandika haraka, ana adabu kupita kiasi, na kazi yake hupaswi kuitia saini kabla hujaisoma.

Siku iliyonigeuza alikuja mwanamume kutoka Muganza, mchimbaji wa machimbo ya mawe. Jicho lake lilikuwa jekundu kama pilipili, na mkononi alishika kichupa cha dawa alichotumiwa na ndugu aliye Ulaya. Karatasi ya ndani ilikuwa ya Kijerumani. Katika duka letu kuna Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa, Mashi ya Washi wa Bukavu, ya kuombea maji tu, na Kiingereza changu cha kubahatisha, lakini Kijerumani hakijawahi kupita mlangoni. Mwenzangu aliipiga picha ile karatasi. Sikuwahi hata kumaliza kufuta miwani. Kiswahili kilikuwa kimeshajaa kwenye kioo cha simu: dawa ni ya nini, matone mangapi, nani asiitumie. Nilisimama. Mzee mzima, nilisimama kwenye duka langu mwenyewe kama mtoto aliyeona taa ya umeme ikiwashwa mara ya kwanza, na sikuona haya. Mashine ya fotokopi ilipofika Cyangugu baba aliigusa kwa kiganja kuona kama ina joto, nami nilimcheka. Siku hiyo nilimwelewa.

Yule mchimbaji alikuwa ameshafungua kifuniko. Mwenzangu akamzuia mkono. Alimpa ile tafsiri kwenye karatasi na kumwambia aende nayo kwanza kwa mwenye duka la dawa, amwonyeshe karatasi, kichupa na jicho. Stajiere amesoma, alisema, lakini jicho hajaliona. Alikuwa na kanuni zake mbili: kinachogusa mwili au haki ya mtu lazima kikaguliwe na mwenye kazi hiyo, na majina ya watu hayaingii kwenye mashine kamwe. Hiyo ya pili niliitania sana. Nilimuuliza kama anadhani huko mashine inakokaa kuna mtu anayetaka kujua habari za Kamembe. Akanijibu kwamba hata yeye hajui nani anakaa huko, na ndiyo sababu.

Basi kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu mwenye furaha. Barua iliyonichukua asubuhi nzima ilitoka kabla chai haijapoa. Wateja waliongezeka, foleni ikafika nje. Na katika furaha ile, bila kuamua, niliacha kusoma barua kwa sauti. Hakuna siku niliyosema kuanzia leo siisomi. Iliondoka yenyewe, kama adabu inavyoondoka nyumbani wageni wakizidi.

Ndipo alipokuja mjane mmoja wa mtaa wa nyuma ya msikiti. Nilimfahamu. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mlango wa duka langu ni kazi ya mikono yake. Yeye anadarizi kofia. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameposwa, na ndoa ilikuwa imepangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Baba wa binti hayupo, babu hayupo, ndugu wa kiume hana. Aliyebaki kuwa walii, mwanamume wa kumwozesha, ni baba yake mdogo, fundi seremala wa Bukavu, ng'ambo ya daraja. Na huyo baba mdogo alikuwa hajazungumza na nyumba ile karibu miaka mitano.

Sababu ilikuwa mazishi. Kaka yake, mume wa mjane, alifariki wakati wa korona, mpaka umefungwa. Seremala alisimama upande wa pili tangu asubuhi akiwasihi wenye mpaka, na huku kaka yake akazikwa. Kutoka pale aliposimama unaziona nyumba zetu. Hakuwahi kusema neno baya kwa mtu. Alinyamaza tu. Mjane akipiga simu ilikatwa. Aliwatuma wazee wawili wenye hekima zao. Seremala aliwapa chai, akaongea nao habari za mbao za mikaratusi mpaka wakaaga. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Imamu alikuwa ameshasema kwamba walii akikataa bila sababu, sheria ina njia, yeye mwenyewe anaweza kusimama. Binti ndiye aliyegoma. Mama yake alinirudia maneno yake: "Miye sitaki kuozeshwa na muntu wa kuazima na baba mudogo eko muzima." Angengoja, alisema, hata kama ni miaka. Lakini upande wa bwana harusi walikuwa wameanza kuuliza, na uchumba unaoulizwa maswali hauna afya. Mjane aliniambia hayo yote kwa karibu saa nzima, na mengine zaidi, habari za siku ile ya msiba, sanda, mvua. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Mlangoni kulikuwa na watu wanne wa fotokopi.

Nikaiandikia mashine mistari mitatu. Mjane anamwomba shemeji yake awe walii wa binti. Kuna mgogoro wa zamani kuhusu mazishi. Andika barua rasmi, ya heshima. Majina sikuweka, nilikuwa mtiifu, nikaacha nafasi za kujaza kwa mkono.

Barua iliyotoka ilinishangaza. "Kwa heshima na taadhima," ilianza, na ikaendelea hivyo hivyo, sentensi ndefu zisizokwama popote: "licha ya hali ya kutoelewana iliyojitokeza wakati wa msiba," "kwa kuzingatia nafasi yako ya kisheria," "tunatarajia mwitikio wako chanya." Miaka thelathini ya kuandika na sijawahi kutoa kitu laini vile. Juu iliweka: Kuhusu: Ombi la ridhaa ya walii. Na chini kabisa, hili lilitoka kwangu, mkono wenyewe ulikwenda, niliongeza orodha ya nakala: Imamu wa msikiti, Ofisi ya akagari, ile serikali ya mtaa. Kwetu barua haiondoki bila orodha ya nakala. Mwalimu akiomba uhamisho, mkulima wa Nyakabuye akilalamikia mfereji, chini lazima pawe na majina ya wakubwa waliopewa nakala, ili mkubwa aliyeandikiwa ajue kuna wakubwa wengine wanaotazama. Nimeandika orodha hizo maelfu ya mara.

Mjane alipitisha kiganja juu ya karatasi. "Ni muzuri, Papa," alisema, maana karatasi kweli ilikuwa nzuri. Akasaini. Mchuuzi wa nyanya anayevuka mpaka kila asubuhi kupitia daraja la Rusizi ya kwanza aliibeba, pamoja na pongezi zangu mwenyewe kwangu mwenyewe.

Siku ya pili ilirudi, imekunjwa mara nne. Nyuma yake palikuwa na mstari mmoja wa penseli nene ya seremala: "Munanishitaki kwa imamu na kwa Leta? Kwa kosa gani?" Leta ndiyo serikali. Mtu aliyenyimwa uso wa kaka yake amekaa miaka mitano na kidonda chake, na siku shemeji yake alipomwandikia kwa mara ya kwanza, alipokea karatasi yenye Kuhusu na nakala kwa wakubwa. Ningekuwa mimi, ningeandika mistari miwili.

Mjane alisimama mlangoni, hakukaa. Aliuliza kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, na ndiyo iliyonimaliza: "Papa, mule uliandika nini?"

Nikaichukua barua, nikamsomea. Kwa mara ya kwanza. Nilisoma tangu taadhima mpaka mwitikio chanya, na kila neno lilikuwa gumu kumeza. Nilipomaliza aliitazama printa kana kwamba mwenye barua yumo ndani yake.

"Huyu anasema humu," alisema, "miye simujui."

Nimetukanwa katika kazi hii. Kuna mtu aliwahi kunirushia kiti. Hakuna kilichonipata kama maneno yale, kwa sababu yalikuwa jibu la swali la baba yangu, swali ambalo sikuuliza. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Na kama ilivyo kawaida yangu nikiona aibu, nilitafuta wa kumlaumu, nikasema ni mashine. Mwenzangu hakuinua macho kwenye karatasi zake. Aliuliza tu ni nani aliyeiambia mashine kwamba ile saa nzima aliyoongea mama huyu ni "mgogoro wa zamani kuhusu mazishi." Nilimjibu vibaya. Kisha nikaenda nikafungua dirisha, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa hiari, na tukaelewana.

Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Nilimwomba mjane akae. Nikawaambia wa fotokopi waje mchana. Mwenzangu akaweka simu yake mezani, akamweleza yule mama, taratibu, kama anavyoeleza mwalimu: hii itasikia unavyoongea na itaandika. Sauti yako itasafiri mpaka kwenye mashine iliyo mbali, na huko mimi siwezi kukuapia kila kitu, kwa hiyo usitaje jina la mtu, wala lako wala la shemeji. Iliyobaki kwenye simu tutaifuta mbele yako. Na ukitaka tuache, tuandike kwa mkono, tutaandika kwa mkono. Mjane alifikiri. Aliuliza kama ile mashine itamcheka Kiswahili chake. Mwenzangu akasema itajaribu kukinyoosha, kwa hiyo ataiamuru isinyooshe. Akaandika: andika anavyosema, usiongeze, usipunguze, usisahihishe.

Alianza kwa salamu, akakwama, akaanza tena. Aliongea akiitazama meza. Na kwenye kioo, mstari baada ya mstari, maneno yakawa yanatokea. Sijui nilisemeje. Sauti ya mwanamke wa mtaa wetu, ile sauti yenye Bukavu ndani yake na mama yake Mshi nyuma yake, lugha ambayo shuleni tulichapwa tukiiandika kwenye daftari, ilikuwa inajiandika yenyewe mbele ya macho yangu. Haikuona haya. Nilifikia kusema subhanallah kwa sauti, mwenzangu akanikanyaga mguu ili mashine isiliandike na hilo.

Kisha akafika kwenye siku yenyewe, na hapo nilisahau mashine.

"Shemeji, ile siku balituambia uko ku daraja. Ndugu yako balikuwa bameisha kumuosha. Bakasema tumupeleke adhuhuri. Nikabaomba bangoje, bakangoja mpaka alasiri. Sanda balifunga miguu, bakafunga kiuno, lakini sura hapana. Sura nilikatala bafunge. Nikasema, ndugu yake akifika, amuone. Bakatuma muntu kusema mvua inaanza kuingia mu shimo. Njo bakaifunga. Bo njo bakaifunga. Miye mpaka leo sijaifunga."

Haya yote alikuwa ameshaniambia siku ya kwanza, katika ile saa moja, na mimi nikayapa jina la mgogoro. Yule seremala alikuwa ameishi miaka mitano akiamini kwamba walimharakisha kaka yake kaburini, na mwanamke huyu alikuwa ameishi miaka hiyo hiyo na neno la kumponya, na kati yao palikuwa na daraja ambalo mtu analivuka kwa miguu akiwa na kapu la nyanya kichwani. Nilistaajabia mashine asubuhi ile, sikatai. Lakini alichokibeba yule mama kilinitisha zaidi.

Tukaanza kazi. Mashine ilikuwa imenyoosha sehemu chache hata baada ya kukatazwa. "Balituambia" iliandika "walituambia," tukarudisha. Nikaichapa kwa herufi kubwa, karatasi moja, bila Kuhusu, bila nakala kwa mtu yeyote duniani. Kisha nikasimama, kwa sababu baba alikuwa akisoma akiwa amesimama, nikamsomea. Nilipofika mwisho kulikuwa na sentensi moja baada ya ile ya sura: "Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema." Mjane akainua mkono. Alisema hilo yeye hakulisema. Mwenzangu akatazama simu, akasikiliza tena sauti. Kweli, hakulisema. Stajiere alikuwa ameongeza dua, kwa adabu yake. Ni dua njema na hakuna Mwislamu wala Mkristo wa kuikataa, lakini haikuwa yake. Mjane alisema ameiomba mara nyingi peke yake, humu hakutaka ikae, humu alitaka ile ya sura ndiyo iwe ya mwisho. Tukaifuta, nikaichapa upya, nikasoma upya.

"Njo weye?" nilimuuliza. Sikuwa nimelitamka swali lile kwa miezi mingi.

"Njo miye," alisema, akachukua kalamu.

Mwenzangu akamwonyesha pa kubonyeza, na mjane mwenyewe, kwa kidole chake chenye alama za sindano, akaifuta sauti yake kwenye simu. Aliuliza mara mbili kama imekwenda. Imekwenda, tukamwambia.

Barua ilivuka Jumamosi. Jumapili hakuna jibu, Jumatatu hakuna. Ijumaa ya ndoa ilikuwa ile ile inayokuja. Jumanne mjane alipita akakaa kwenye benchi la nje bila shughuli, akidarizi, asiulize. Nilikuwa nikiendelea na kazi, na kila barua niliyotoa na mashine niliisoma kwa sauti kwa mwenyewe, hata ya kuomba mita ya umeme. Wateja wengine walinung'unika. Mmoja alisema mzee amezeeka. Nikamwambia bado, nimerudia tu darasa.

Alhamisi asubuhi aliingia mwanamume mrefu, penseli nyekundu sikioni, kijikaratasi cha kuvukia mpaka bado kiko mkononi. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa na paji la uso la marehemu. Aliweka barua juu ya meza yangu, akailainisha mikunjo kwa kidole gumba kama anayepima ubao.

Aliuliza nani ameiandika. Nikamweleza ukweli wote: shemeji yako ameisema, mashine imeiandika, mimi nimeisoma, na ile ya kwanza ilikuwa ujinga wangu, ile orodha ya nakala ni ya mkono wangu, yeye hakujua hata kilichomo. Nilimwomba msamaha. Alisema mchuuzi wa nyanya amemwambia kwamba dukani kwangu tunachukua sauti za watu.

"Nataka nisikie sauti yake akisema ile ya sura," alisema.

Nikamwambia haipo. Tuliahidi kuifuta, na tumeifuta.

Hapo alikasirika, na nilimwona ni mtu ambaye akikasirika hapigi kelele. Alisema barua ya kwanza ilikuja na saini ya shemeji na haikuwa yake. Hii nayo ina saini yake. "Sasa miye nitajua aje kama njo yeye?"

Nakiri kwamba kwa kitambo kifupi nilijuta. Kama tungeiacha ile sauti, ningebonyeza tu, akasikia, mambo yakaisha. Nilimtazama mwenzangu, naye alinitazama, hakunisaidia. Kisha nikasikia kinywa changu kikimweleza yule seremala habari za baba yangu, baraza ya Cyangugu, na lile swali. Nikamwambia: barua unayo. Aliyeisema yuko nyuma ya msikiti, mlango wa chuma. Msomee, umuulize.

Aliikunja barua. Halafu akasema miaka mitano ni mingi, hana hakika kama bado anaikumbuka njia. Alikuwa anaikumbuka vizuri sana. Alitaka tu mtu wa kwenda naye. Nikafunga duka mchana kweupe.

Kwamba Ijumaa alimwozesha binti wa kaka yake, mtaa mzima ulishuhudia. Nilikuwa safu ya tatu, na imamu alipomwuliza, alijibu kwa sauti iliyofika hadi kwa wanawake. Watu wakiikumbuka ndoa ile huongelea pilau. Mimi huukumbuka ule mlango wa mjane, ile Alhamisi.

Ulikuwa umefunguliwa nusu. Mjane alikuwa ameketi ndani karibu na mwanga, kofia gotini, sindano mkononi, akatuona, asiinuke. Seremala hakutoa salamu. Aliikunjua barua pale pale kizingitini, akaanza kusoma, polepole, kidole kikifuata mstari, kwa sauti ya mtu asiyezoea kusoma kwa watu. Alisoma daraja. Alisoma adhuhuri, alisoma alasiri. Alipofika kwenye sura alisimama, akajaribu tena, na hakikutoka kitu.

Yule mama akaimalizia kwa kichwa, bila karatasi, akiwa pale pale alipoketi. "Bo njo bakaifunga. Miye mpaka leo sijaifunga."

"Njo weye?" aliuliza seremala.

"Njo miye, shemeji. Ingia."

Akavua viatu, akaingia. Mimi nikageuka kurudi dukani, kwa sababu waliyokuwa wanakwenda kusemezana hayakuhitaji mwandishi.